Siku Watajiju Alipopungukiwa Damu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kliniki ya mifugo mjini Dodoma, Daktari Mkuu alinikabidhi beseni la shashi, vile vitambaa vyepesi vya kunyonyea damu, akaniuliza, "Binti, damu ikitoka utafanya nini?"

"Nitaifuta, daktari."

"Ukifuta unaondoa na ile iliyoanza kuganda. Kandamiza, halafu uwe na subira."

Kwetu Kondoa mama hakuifurahia kazi ile. "Kazi zote hizo, Mwajuma, ukaiona ya mbwa?" Baba ndiye aliyemjibu: "Kiumbe mgonjwa asitibiwe? Maji ya kujitwaharisha yapo." Nikaondoka na radhi za wote wawili.

Nilipelekwa Kibaigwa, ambako wagonjwa wetu wengi walikuwa mbwa waliogongwa na malori ya mahindi. Kisha nikarudishwa mjini chini ya Daktari Mfawidhi, mama mrefu aliyekuwa akiimba nyimbo za kwaya huku akishona vidonda. Kwake ndiko nilikojifunza upasuaji wa kutoa jicho. Watu hudhani ugumu uko kwenye jicho lenyewe. Nyuma yake kuna kikonyo chenye neva na mishipa ya damu. Kikishakatwa hurudi ndani ya tundu, na kikivuja huko hukioni tena. Mbwa mwenye afya huvumilia. Aliyekwisha kupoteza damu nyingi kabla, hapo ndipo anapokufa.

Mbwa wa namna hiyo aliletwa kutoka Haneti na Mzee Ndahani, mfugaji wa mbuzi. Fisi alivamia zizi, mbwa akamkabili, jicho likachomoka na shingo ikachanika.

"Anaitwa nani, mzee?"

"Watajiju."

Nilicheka, hata katika hali ile. Lakini nilipomfunua mdomo, fizi zilikuwa nyeupe kama unga wa sembe. Daktari Mfawidhi akatikisa kichwa. "Nikimpasua hivi alivyo, hashuki mezani akiwa hai." Kisha akamtazama mbwa wa pili, dume kubwa lililomfuata Mzee Ndahani mpaka mlangoni. "Na huyu?"

"Nduguye. Tumbo moja."

"Basi tutamwomba damu."

Mzee alishangaa. "Mbwa naye anatoa damu?"

"Anatoa, mzee wangu, na wala hadai soda."

Tulivuta damu shingoni mwa dume lile, tukaiachia iingie taratibu kwa Watajiju hadi fizi zikaanza kupata wekundu. Ndipo Daktari akaanza kazi. Alibana kikonyo kwa koleo, akakifunga uzi, akakata. Uzi ukateleza. Tundu likajaa damu mara moja, na wimbo wake ukakatika.

"Shashi! Jaza, kandamiza, usiinue!"

Nilikandamiza mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Nilikuwa nikiomba Mungu kimoyomoyo. Hatimaye akaniambia niachie polepole. Nikaachia. Tundu lilikuwa kavu. Daktari akashika sindano, akaanza kuimba tena, safari hii kwa sauti kubwa zaidi.

Baadaye Mzee Ndahani alinijia mbio. "Binti yangu, damu inamtoka puani! Anakufa!"

"Hafi, mzee. Kuna kijinjia cha machozi kutoka jichoni hadi puani. Hayo ni mabaki tu, yatakoma."

Watajiju, kana kwamba amechoka kujadiliwa, akapiga mkia sakafuni. Mzee alijifunga shuka vizuri kiunoni, akaanza kucheza pale pale uani. Daktari Mfawidhi akaingia kati naye, na mimi nikapiga vigelegele hadi wenye kuku kwenye foleni wakaitikia.

Sasa nimestaafu, nakaa Nkuhungu. Vijana huniuliza kama sijutii kuwapa mbwa maisha yangu. Nawaambia nimewaona watu wazima wakilia kwa furaha mbele yangu, na wengi hawapati hilo kazini mwao. Usiku mbwa wakibweka mtaani, jirani zangu hulalamika. Mimi nasikiliza kidogo, nasema moyoni, huyo ana damu ya kutosha, alhamdulillahi, kisha nageukia ukutani nalala.