Kula kwa Prudencia

Mwaka 1998 nilitolewa kwenye mashindano ya biashara, redioni, Mwanza nzima ikisikiliza, kwa sababu ya samaki ambaye hata alikuwa hajavuliwa.

Subirini kwanza, msicheke.

Redio za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia. Kituo kimoja kikaungana na mwenye kiwanda cha sabuni: wamachinga wauze sabuni kwa timu, timu bora ipewe duka soko la Mkuyuni.

Mimi nilikuwa nauza mitumba chini, juu ya turubai. Mgambo wakitokea nakunja, nakimbia. Mwezi ule walinikamata, robota zima likaenda.

Lile duka lilikuwa na mlango. Mlango, jamani!

Timu yetu tulikuwa watatu. Mimi, Masele. Venant, Mkerewe, maneno yake ya kupima kwa kijiko. Na Prudencia, Mhaya, aliyekuwa akinirekebisha Kiswahili asubuhi na jioni bila malipo.

Maana mimi ni Msukuma. Ulimi wangu na r hawajawahi kusalimiana. Nikitaka kusema kura, inatoka kula.

"Kura, Masele. Rrr."

"Kula."

"Mungu wangu."

Lakini kuuza, tuliuza. Stendi ya Buzuruga mtu alikuja kutafuta basi, anaondoka na miche miwili ya sabuni na basi limemwacha.

Tukashinda. Ndipo mtangazaji akatoa sharti la mwisho: kura. Kila mmoja aingie chumbani peke yake, sauti yake inaswe kwenye kaseti. Wote tukisema "hakuna wa kutoka", duka letu sote. Mmoja akitaja jina, aliyetajwa anaondoka mikono mitupu.

Tukaapa kutotajana.

Asubuhi ya siku yenyewe nikamwambia Venant nyuma ya maboksi:

"Leo wote kula kwa Prudencia. Ila asijue."

"Kwa nini asijue?"

"Akijua ataazima sahani mtaa mzima. Sisi tunatokea tu na sato wetu, tunasherehekea."

Kumbe Prudencia alikuwa upande wa pili wa maboksi. Alisikia ya mwanzo, akaondoka kabla ya sahani.

Jioni kaseti ikachezwa.

Venant: "Hakuna wa kutoka."

Mimi: "Hakuna wa kutoka."

Prudencia: "Masele."

Hata samahani hakuweka.

Nikatoka. Sasa samaki nilikuwa nimeshamwagiza, nifanyeje? Nikamchukua, nikamvuta Venant, tukaenda kubisha hodi kwa Prudencia.

"Umefuata nini hapa?"

"Kula."

"Kura imekwisha, Masele. Kubali matokeo."

"Kula, dada! Samaki! Mdomoni!"

Akamtazama samaki. Akamtazama Venant.

"Asubuhi alisema kula," Venant akasema. "Ya sahani."

Prudencia akakaa kwenye kigoda taratibu, kama mtu aliyepewa habari za msiba.

"Mwezi mzima nakufundisha. Siku uliyopatia ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Si ungesema chakula!"

"Si ungeuliza!"

Akapika, na ndizi juu. Kichwa cha sato akaniwekea mimi. Basi, radhi ya Mhaya ndiyo hiyo, hutapata nyingine.

Jumatatu akaniita Mkuyuni. Nikaoga vizuri. Nikajua nakwenda kukatiwa theluthi yangu.

Akanionyesha baraza.

"Duka ni letu mimi na Venant, mwenye kiwanda kakataa kubadili. Lakini tandaza mitumba yako hapa. Mgambo hawagusi baraza la watu."

Machozi yakanilenga. Nikasema dada, Mungu akubariki.

"Amina. Kodi kila mwisho wa mwezi."

Ndugu zangu, mkifanya kazi pamoja na ukasikia mwenzako kasema neno la kukutisha, muulize kabla hujamtaja. Swali ni bure.

Mimi baraza nalipia mpaka leo.