King'ora Kilichomlilia Mama Mkwe

Wasomaji, kwangu mimi kutoka nje ya geti ni safari. Lakini ndovu walipozidi kumaliza ndengu za mama mkwe kule Kasigau, nilijifanya fundi. Nina bodi ya kielektroniki inayopangwa upya kwa kompyuta, nami nilikuwa nimeiunganisha na king'ora na kihisio cha kutambua kinachopita. Kwa muundo wa zamani, yaani maagizo yaliyokuwa ndani ya bodi, kililia kwa chochote kinachopita. Nikapakia muundo mpya, kilie kwa ndovu pekee. Pale sebuleni kwetu Voi mke wangu akapita, king'ora kimya! Nikachomoa waya wa umeme kwa madaha, tukaondoka.

Shambani majirani walijaa. Nikachomeka betri, nikatamba: "Mama, hiki kinamjua ndovu tu. Hebu pita mbele yake."

Mama akakaza leso, akapita. King'ora kililia mpaka kuku wakaruka ua.

Mke wangu akaninong'oneza, "Baba Mkamburi, ule muundo mpya uliuhifadhi, ama uliujaribu tu?"

Sikuwa nimeuhifadhi. Nilipochomoa waya, muundo mpya ulifutika, wa zamani ukarudi.

Kabla sijajieleza, mama aligeuka, mikono kiunoni.

"Haya, mkwe. Ndovu ndiye amekupikia. Utakula, ama unarudi Voi?"