Hodi ya Baba

Juzi pale mtaa wa Ramadhani nilimsikia mzee mmoja akipiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, nikamkumbuka baba.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, kwetu Kifanya ukungu ulikuwa umeshuka, na jikoni kulinukia viazi vya kuchoma. Baba alirudi kutoka shamba la miti ya miwati la Mzungu, ananuka magome waliyokuwa wakibandua, akasimama nje.

"Hodi!"

"Nani wewe?" mama akauliza, huku akijifunga upya kilemba.

"Mgeni, natoka Makambako. Nasikia humu kuna binti mzuri."

"Ameshaolewa. Na mumewe mkali!"

Niliamini kabisa mama amemsahau, atamfukuza kwenye baridi. Nikapiga kelele, "Mama, ni baba huyo!" Walicheka mpaka mama akashikilia mlango.

Mimi niliyeishia darasa la pili nimejenga nyumba ambayo wenye vyeti wanaitazama tu, na malori yanayobeba majani ya chai ya Lupembe ni yangu. Huwa naingia kwa ufunguo wangu. Juzi hiyo niliuacha mfukoni, nikasimama kwenye baraza yangu pana, nikaita, "Hodi! Mgeni, natoka Makambako."

Mke wangu akajibu kutoka ndani, "Ufunguo umeupoteza wapi?"