Siku Niliyoomba Matawi Kwenye Mbio za Kompyuta

Jumamosi, mwanzo wa Julai. Ukungu ulitanda hapa Nyololo tangu alfajiri na haukunyanyuka mpaka karibu saa sita, na baridi ilikuwa ile ya mtu kuongea moshi. Mvua hata tone hakuna. Nalisema hilo mapema kwa sababu aibu yangu yote ya leo imetokana na mvua, na mvua yenyewe haikunyesha mahali popote duniani isipokuwa ndani ya kompyuta.

Nimeaibika, tena mbele ya watu. Naandika sasa hivi kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, kesho nitakuwa nimeshapata visingizio. (Niliishia la saba, kwa hiyo mahali nitakapoeleza vibaya mnisamehe, kosa litakuwa la mwandishi, si la mkasa.)

Kaka yangu Festo ana fremu moja pembeni ya barabara kuu, na mwanawe Elisha ameigeuza kuwa chumba cha mbio za magari za mtandaoni. Si yale magemu ya kubonyeza vidole. Mle ndani kuna kiti cha Hiace iliyokufa, kimechomelewa kwenye mabomba, mbele yake usukani na pedeli za miguuni, na bando likiwepo unakimbizana na watu wa Mbeya, wa Dar, hata Wazungu, kila mmoja amekaa kwake. Kaka hapendi hata kupita mlangoni. Yeye aliendesha malori miaka mingi mpaka masika moja lori likamtoka mkononi kwenye lami, likalala mtaroni na mzigo wote wa mbao. Tajiri akasema dereva alisinzia. Kaka akasema hakusinzia, lori lilielea juu ya maji, akaomba aaminiwe, hakuaminiwa, kazi ikaisha hapo. (Kusema haki, tajiri naye hakuwa mwendawazimu, maana kaka siku hiyo alitoka safari ndefu na lami ilikuwa imenyooka.) Tangu hapo hajagusa usukani wowote, na akimwona mwanawe ameng'ang'ania usukani wa plastiki amekunja uso kama yuko kazini, anaona kama anadhihakiwa.

Asubuhi ya leo alikuja, akasimama mlangoni na koti lake zito.

"Mimi katuni zimenichosha," akasema. "Leo mkimaliza hayo mashindano yenu, hata mkiwa wa mwisho, chumba kibaki. Msipomaliza, Jumatatu naweka mpangaji wa pembejeo, na wewe Elisha unapanda gari la Mgololo ukapakie mbao kama wenzako."

"Hata wa mwisho, baba?"

"Hata wa mwisho. Mimi si mchawi."

Basi ilikuwa hivyo, tumalize tu, wala si kushinda. Mtu angeniambia kwamba nitashindwa kitu chepesi namna hiyo ningemcheka, na hapo ndipo nilipotakiwa kujiogopa.

Mashindano yaliandaliwa na vijana wa Mbeya. Kila timu watu wawili na gari moja, mmoja anaanza, gari likisimama kubadilisha tairi anashuka kitini anampisha mwenzake. Mwenzake Elisha wa siku zote alikuwa hospitali ya Tosamaganga anamuuguza mama yake, ndiyo nikaitwa mimi, kwa kuwa naendesha Fuso ya kubeba mbao na jioni nyingi huwa naenda kujifunza pale. Tena nilishajifunza kweli, nisijidharau kupita kiasi. Kilichonivuta ni matairi. Nilipokaa mara ya kwanza nilidhani tairi la gemu ni picha tu ya duara, kumbe lina baridi kama sisi watu wa Mufindi, ukiondoka nalo halijapata moto linakataa kona, likipata moto linashika vizuri, ukilichosha linaanza kuteleza taratibu na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Ule wepesi! Dereva yeyote anaujua, ni ule unaokufanya ubane meno kabla hujajua kwa nini. Nilimwambia Elisha, huyu aliyetengeneza hii kitu lazima alishawahi kuingia mtaroni.

Watu walijaa. Elisha aliazima projekta ya usharika, ukuta wote ukawa barabara, na spika za kwaya zikatoa mngurumo mpaka abiria wa mabasi wakawa wanachungulia. Kaka alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, kama mtu aliyekuja msibani kwa jirani asiyempenda.

Elisha alianza, na aliendesha kwa adabu. Hakugombana na mtu. Tukawa katikati ya kundi, nyuma kidogo ya kijana wa Mbeya aitwaye Ambakisye, ambaye sauti yake tulikuwa tunaisikia kwenye spika, maana wote walikuwa na maiki na wanataniana njia nzima.

"Iringa mpo? Nasikia leo mmekuja na dereva wa mbao!"

"Tupo," Elisha akajibu. "Na mbao zenyewe tunakuja kukupigilia."

Kisha kwenye ukuta mawingu yakajikusanya na mvua ikaanza. Mvua ya ndani ya gemu. Elisha akaliingiza gari kubadilisha tairi, akaruka kutoka kitini, mimi nikakaa, na wakati huohuo taa ya kile kidude cha intaneti ikaanza kupepesa, akakikimbilia dirishani akisema, "Baba mdogo, chagua tairi za mvua, bonyeza, ondoka. Upepo usiguse!"

Aliniambia. Watu wote walimsikia, na mimi nilimsikia vizuri zaidi yao.

Lakini mbele yangu kulikuwa na namba za upepo za matairi yote manne, na nje ya kioo mvua inamwagika, na mimi nimeendesha njia ya Mgololo masika baada ya masika. Huku kwetu mvua ikishika, dereva anashuka, anatoa upepo kidogo, tairi linalala chini, linalishika tope, gari linapanda kilima. Asiyetoa upepo analala porini na mbao zake. Hilo si jambo la kufikiri, ni kama kuvua kofia kanisani. Basi nikatoa upepo, tena nikautoa zaidi kidogo kwa usalama. Nikaondoka nimeridhika, nikimwonea huruma kidogo yule mtoto kwa kutojua mambo ya mvua.

Kona ya kwanza gari liliitika. Ya pili likawa zito, kama limebeba magogo mabichi, nikasema kimoyomoyo, hapo sasa limeshika. Tukatoka kwenye sehemu ndefu iliyonyooka, Ambakisye yuko mbele, maji yamesimama kwenye lami yanang'aa, nikakanyaga mafuta. Na usukani ukawa mwepesi. Haukuwa ule wepesi mdogo wa kuteleza. Ulikuwa wepesi wa kushika hewa, nikazungusha kulia hakuna kitu, nikazungusha kushoto hakuna kitu, nikapiga breki, gari likaendelea na safari zake, likageuka ubavu, likamkumba Ambakisye wa watu akiwa njiani kwake, yeye akaenda majanini na mimi nikazunguka kama pia mpaka nikasimama katikati ya barabara, nimeelekea tulikotoka, na mbele yangu naona taa za magari mengine yanakuja kwenye mvua.

Hapa sasa ndipo akili ya gemu iliponiruka yote. Nilichokiona ni gari limeharibika katikati ya lami, mvua inanyesha, na magari yanakuja bila hata tawi moja barabarani la kuwaonya. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, kwenye maiki ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima:

"Matawi! Wekeni matawi! Elisha, kata matawi uweke nyuma, watatuua hawa!"

Halafu Mbeya nzima ikacheka kwenye spika za kwaya.

"Mzee," sauti ya Ambakisye ikatoka majanini, "matawi unayakata wapi? Hata mimi niliye huku porini sina panga!"

"Pole, mdogo wangu," nikamjibu, maana yeye sikuwa na ugomvi naye, "kosa ni langu, wewe ulikuwa kwako." (Hilo moja nililifanya sawa.)

Ingefaa niishie hapo. Gari bado lilikuwa linawaka, ningeligeuza tu, nikaenda polepole mpaka mwisho, tukawa wa mwisho, chumba kikabaki. Elisha alikuwa anakuja mbio akisema, "Geuza tu, baba mdogo, geuza!" Lakini mimi dereva, na dereva akipata ajali anashuka kuangalia tairi. Nikashuka. Nilinyanyuka kwenye kiti cha Hiace kwa mguu wa kulia, kama ninavyoshuka kwenye Fuso kila siku, mguu ukaingia kwenye nyaya, nikaanguka kifudifudi mbele ya ukuta, waya wa umeme ukachomoka, na barabara yote pamoja na mvua yake ikazimika.

Chumba kikawa giza la ukungu. Nikasikia mama mmoja wa kwaya anasema taratibu, "Sasa ameshuka kweli."

Walicheka, na sikuweza kuwalaumu, hata mimi ningecheka kama ningekuwa benchi. Aliyenichoma ni Elisha ambaye hakucheka wala hakunigombeza. Aliinama, akaurudisha waya, akawasha kompyuta upya. Ilipowaka mbio zilikuwa zimeshatuacha, jina letu limeandikwa kwamba hatukumaliza.

Nikamgeukia kaka nikiwa bado nimekaa sakafuni. Nilitaka kumwambia kosa ni langu peke yangu, Jumatatu aniadhibu mimi. Lakini kaka alikuwa amesimama, ameacha benchi, anasogea mbele taratibu huku anaukodolea macho ukuta, ambako Elisha (ili ajue tu nimefanya nini) alikuwa anairudia ajali kwa kutazama gari kutokea nyuma, polepole.

"Rudisha," kaka akasema.

Elisha akarudisha. Gari likaja, likafika kwenye maji, matairi yakaendelea kuzunguka lakini gari likaacha kuyafuata.

"Rudisha tena. Hapo. Simamisha hapo."

Elisha akasimamisha.

"Hivyo hivyo," kaka akasema. "Limeelea. Mmeona? Usukani unazungushwa na gari halina habari. Hivyo hivyo kabisa." Kisha akamuuliza mwanawe, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwake, "Kwa nini limefanya hivyo?"

Elisha alinitazama kwanza, kama anaomba ruhusa ya kunisema, nikamwitikia kwa kichwa. Akaeleza kwamba kwenye lami tope hakuna, kuna maji, na kazi ya tairi ni kuyakata yatoke pembeni kwa zile kashata zake, ile mifereji iliyochongwa usoni mwake, sasa upepo ukiwa mdogo tairi linabonyea katikati, kashata zinajibana, maji yanakosa pa kutokea, yanalinyanyua gari zima.

Kaka alikaa kwenye kiti cha Hiace bila kukusudia. "Siku ile tulitoka shamba," akasema. "Tulitoa upepo tupande kilima. Tukafika lami usiku, mvua kubwa, pampu hatuna, nikasema tutajaza Makambako." Akautazama tena ukuta. "Kwa hiyo sikusinzia. Lakini kosa la upepo lilikuwa langu."

Mimi nilijifuta magoti.

"Festo, kaka," nikasema baadaye, "kuhusu Jumatatu..."

"Jumatatu nini? Wewe nyamaza, mtaalamu wa matawi." Akaushika usukani, kwanza kwa vidole, halafu kwa viganja. "Elisha, nawashaje? Niwekee mvua. Na upepo uwe kamili, nataka kuona."

Akazunguka mara nyingi, polepole kama anabeba mayai, chakula cha mchana kikapoa nyumbani kwake. Pale penye maji gari lilitikisika, likapita. Akashusha pumzi ndefu, sote tukaiona ikitoka kama moshi. Kabla hatujafunga Ambakisye akatuita kwenye spika, akasema wiki ijayo wanakimbia tena, Iringa tukaribie, ila yule mzee wa matawi aje na panga lake kabisa. Elisha akamwambia tutakuja wawili, akamtazama baba yake, na baba yake akajifanya anaangalia pedeli.

Mimi naapa, na mtakaosoma muwe mashahidi: kwenye lami sitagusa upepo wa tairi, liwe la mpira au la kompyuta, kabla sijauliza, na nikiambiwa na mtoto usiguse, sitagusa. Na sitashuka garini kabla sijahakikisha kwamba niko garini.

Jioni tumekula ugali na jogoo. Mke wangu alishamchinja kwa ajili ya ushindi kabla habari hazijafika, na jogoo hawezi kurudishiwa kichwa, kwa hiyo kaka na Elisha wakaja tukala wote. Firigisi ilipelekwa kwa kaka kama mkubwa wa ukoo. Akaiangalia, akaikata kipande, akakiweka kwenye sahani ya mwanawe, kisha akaona haitoshi, akampa yote. Mimi nilipewa shingo, na kusema haki, ndiyo niliyostahili.