Kabati la Mwerezi la Bi Ionie

Vidole vya Bi Ionie Blagrove vilijulikana vilima vyote vya juu ya mji wa Sav. Miaka kumi na tisa alisokota sigara nene za tumbaku katika kiwanda kimoja cha Kingston, na hata sasa, akiwa na miaka sitini na sita, alikuwa anaweza kukusokotea vumbi la barabarani likanyooka. Bangi yenyewe havuti. Aliwahi kuijaribu mara moja, akakohoa mpaka machozi, akasema kazi yake ni kupika, kula ni kwa wengine.

Kaka yake Astley ndiye Rasta wa ukoo. Alianza kulima bangi zamani za kujificha, helikopta zikamchomea shamba mara mbili, na msokoto mmoja tu uliokutwa mfukoni ulimlaza jela miezi kumi na minane. Sheria ilipolegezwa, alijaza fomu miaka sita mizima kabla ya kupewa leseni ya nusu eka. Aliitundika sebuleni, pale ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi. Ukitaka kumkera, mwambie imepinda kidogo upande wa kushoto.

Leseni haisokoti wala haiuzi. Mwezi wa pili akapatikana mnunuzi, Bi Lumsden, mwenye duka la bangi kule Negril, mama wa maneno machache na viatu safi. Akaketi barazani, akasema atachukua misokoto mia nne, ila isiwe mikavu. Upepo wa msimu ule ulikuwa unakausha hata mate mdomoni. Mkulima mwingine alimpelekea misokoto iliyowaka kama gazeti na kukwaruza koo za wateja, mama huyo akamrudishia yote.

"Narudi baada ya wiki tatu," alisema. "Nikiikuta mikavu, tusilaumiane."

Astley alikuwa na miaka sabini na moja. Hakuna duka jingine pwani yetu lililokuwa tayari kumsikiliza mzee mwenye nusu eka, na kila mtu pale barazani alilijua hilo.

"Niachie mimi," Ionie akasema.

"Wewe? Wewe si mtu wa tumbaku?"

"Jani ni jani, Astley. Kiwandani tulikuwa na chumba cha unyevu. Mshale wa kipimo ukikaa kwenye sabini, sigara inalala mwaka mzima na inaamka laini kama mtoto."

"Mmea huu unapumua, Ionie."

"Na wewe unaongea sana. Lete mavuno."

Akayaleta yote. Hilo ndilo lililomtia Ionie kiburi, na sitaficha kwamba kilimpanda kichwani. Alimwita fundi, wakalivalisha kabati la vyombo vya marehemu mama yao mbao za mwerezi kwa ndani, wakazizungushia mpira kingo za mlango. Chini akaweka bakuli la sponji iliyoloweshwa maji. Juu akatundika kipima unyevu alichokifuata mwenyewe mjini Mobay kwa basi, akikipakata kama yai. Akasokota siku nane, mgongo ukimuuma, misokoto yote sawasawa kwa urefu na unene. Akaipanga, akasubiri mshale ufike sabini, akafunga. Kiwandani, aliyefungua mlango wa chumba cha unyevu bila sababu alikatwa mshahara wa siku. Kwa hiyo Ionie hakufungua. Jirani akija kuomba kuchungulia, anafukuzwa kwa ufagio.

Asubuhi ya siku ya Bi Lumsden, alifungua.

Harufu ilimfikia kabla macho hayajaona. Gunia lililosahauliwa kwenye mvua. Akatoa msokoto wa kwanza, mzuri, laini. Wa pili vilevile. Wa tatu ulikuwa na vinywele vyeupe kwenye ncha, vifupi, vya kutisha. Akaketi sakafuni. Alichambua msokoto mmoja mmoja, na alipomaliza ilikuwa thelathini na mmoja yenye ukungu. Mingine yote ilikuwa safi kwa macho. Akaisukumiza ile mibovu kwenye mfuko wa aproni, akafungua madirisha, akapika kahawa nyingi ili harufu yake ishinde.

Tumbaku na bangi si watoto wa mama mmoja. Alilijua hilo sasa, na alimwogopa kaka yake kuliko alivyowahi kuwaogopa askari. Si kwamba Astley ni mkali. Afadhali angekuwa mkali.

Bi Lumsden alifika saa nne. Akachukua msokoto, akaubinya, akaupitisha chini ya pua.

"Laini," akasema. "Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta."

Astley akatabasamu. Alitabasamu mpaka meno ya nyuma, na Ionie akagundua kwamba hajayaona meno yale tangu harusi za watoto wake. Mkono wa Ionie ulikuwa ndani ya aproni.

"Nina mwalimu mmoja mstaafu anakuja dukani kila Jumanne," Bi Lumsden akaendelea, akiandika kwenye daftari. "Anatibiwa saratani ya kifua. Asipovuta nusu msokoto, chakula hakipiti. Hii yako haitamkwaruza."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ni rahisi kuusema msemo huo ukiwa umevaa. Ionie alikuwa na kaka mbele yake anayecheka kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu na kumimina kahawa. Alimimina. Kikombe kikajaa, kikafurika, kahawa ikatiririka mezani.

"Ionie, vipi wewe?" Astley akauliza.

Akatoa mkono, akaimwaga mezani ile thelathini na mmoja, kwenye kahawa.

"Imeota ukungu," akasema. "Mimi ndiye niliyeharibu. Yeye hakugusa kitu."

Bi Lumsden aliinua mmoja, akaugeuza mwangani, akaurudisha.

"Bi Ionie, ukungu ukionekana kwenye thelathini, haujabaki kwenye thelathini tu."

"Najua."

"Siwezi kuchukua hata mmoja."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimesema."

Mgeni akafunga daftari. Mlangoni akageuka. "Nitapita tena mavuno ya mwezi wa nane. Kupita tu, siahidi kitu." Akaenda zake.

Astley alichukua jembe, akachimba shimo nyuma ya jiko, akaifukia misokoto yote mia nne, akasawazisha udongo kwa mguu. Ionie alimtazama dirishani, akitamani atukanwe. Kaka yake akaingia ndani, akatoka na kibuyu kizee kilichozibwa kwa nta, akakiweka mezani.

"Nini hiki?"

"Bangi."

"Uliniambia umeleta yote!"

"Nilileta yote ya kuuza. Hii ni ya kumbukumbu ya Verna."

Verna alikuwa mkewe, sasa marehemu. Mwezi huohuo Marasta wenzake walikuwa wakutane kumpigia ngoma, na bangi ya ibada haiuzwi. Ionie akaona haya, lakini mdomo wake ulikuwa bado na moto.

"Basi ulijua! Ulijua kabati langu litaharibu, ukanyamaza!"

"Nilikwambia unapumua. Ukaniambia naongea sana."

Astley akazibua kibuyu. Harufu ikatoka, tamu, ya maganda ya machungwa na majani mabichi. Akafungua Biblia, akasoma zaburi moja polepole, midomo ikicheza, kisha akaziba tena. Kila asubuhi alifanya hivyo, na kila asubuhi Ionie alikuwa akimcheka kimoyomoyo: mzee wa watu anakisomea kibuyu! Leo hakucheka. Alisimama, akakiondoa kipima unyevu kabatini.

"Zibua tena," akasema.

Akakitumbukiza ndani, akafunika kwa kiganja. Wakakaa hivyo muda mrefu, wazee wawili wameinamia kibuyu. Alipokitoa, mshale ulikuwa kwenye sitini.

"Sitini!" akapiga kelele. "Astley, ni sitini! Na kila siku unakipa hewa!"

"Namba mimi sikuijua," Astley akasema. "Nilijua zaburi tu."

Akagawa kibuyu nusu kwa nusu, akamsogezea fungu moja. Ionie akarudisha mikono nyuma.

"Hapana. Ya Verna siigusi."

"Verna alikuwa anakupenda kuliko alivyonipenda mimi. Chukua, mama. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Alisugua kabati kwa siki, akalianika juani siku tatu. Sponji akaikata, kikabaki kipande cha ukubwa wa kiberiti. Akasokota misokoto hamsini. Kila asubuhi alifungua mlango, na kwa kuwa yeye ni Mbaptisti na zaburi za kusoma polepole zinamsinzisha, aliimba wimbo mmoja wa kanisani beti zote, kwa sauti ya kukera majirani, kisha akafunga.

Siku ya Verna, ngoma zilianza mchana. Ionie alileta samaki wa tui la nazi na shelisheli la kuchoma, kisha akaleta sinia la misokoto, akasimama kando, karibu na mlango, tayari kukimbia. Misokoto iliwaka taratibu. Majivu yalikuwa meupe, yakashikilia bila kuanguka. Mzee Hesketh, ambaye kifua chake hupiga filimbi hata akilala, alivuta mara tatu na hakukohoa. Watu wakamtazama, wakaitazama misokoto, mmoja akauliza nani kaisokota.

Astley aliuvuta wake mpaka mwisho, bila haraka, akamfuata dada yake mlangoni.

"Mavuno ya mwezi wa nane," akasema. "Yote yanaingia kabatini kwako."

Machozi yakamtoka Ionie, akayafuta kwa kiganja kilichonuka samaki, yakazidi.

"Nusu, Astley. Weka nusu kwenye vibuyu vyako. Je, nikiharibu tena?"

"Yote," Astley akasema. "Ukiharibu, tutazika tena."