Kuku wa Sikitu

Kavuo ameuza kuku sokoni Butembo miaka ishirini, na hajawahi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Mwezi uliopita alikubali kuchomwa chanjo ya mafua ya ndege inayojaribiwa kwa watu wazima. Leo amerudi kwenye kituo cha afya kutolewa damu, ili wauguzi waone kama mwili wake umejifunza kupigana na ugonjwa huo. Kwapani amebeba kuku jike mweupe, miguu imefungwa kamba ya mgomba.

Sikitu, muuguzi kijana kutoka Beni, alipomwona aliruka kutoka kitini.

"Mama! Kuku hapana kuingia huku! Chanjo yako ni ya ugonjwa ya bakuku!"

"Huyu hana ugonjwa. Ni wako."

Kavuo akasimama mlangoni, machozi yakimlenga. Kwao, kurudishiwa kuku ni kufukuzwa. Na siku ile ya sindano, nani alimshika mkono mpaka hofu ikaisha, kama si binti huyu?

Sikitu akaelewa. Akatoka nje, akasimama mbali kidogo na kuku, akainama na kukinga mikono yote miwili kama anayepokea.

"Aksanti sana, mama. Nimemupokea. Sasa unichungie yeye kwako. Akitotoa, batoto tutagawana."

Kavuo akamfunga kuku kwenye nguzo ya lango, akanawa mikono hadi viwiko, akaingia, akaketi na kukunja mkono wa blauzi.

"Sasa kamata damu, mutoto yangu," akasema. "Mugeni ningemunyima."