Mtutu Wenye Mistari ya Chaki

Nilifunga safari kwa sababu ya bega langu la kulia. Majirani zangu wa Mbozi mnalijua bega hilo, maana mmelisikia nikililalamikia kanisani, kilabuni na hata msibani. Kijiji ndicho kilichonipa kazi ya kufukuza nguruwe pori mashambani, kwa kuwa nina bunduki ya leseni na shabaha ambayo, Mungu anisamehe, najisifia. Kazi hiyo naipenda kuliko kahawa yangu. Lakini msimu ule nguruwe walikula mahindi ya watu wakashiba, wakaondoka zao, na mimi bado niko njiani napanda kilima, nakaa kwenye kila kisiki nikihema. Mwenyekiti wa kitongoji akaniita pembeni, akasema kwa upole ule unaouma: "Mzee Simbeye, ikikushinda sema tu. Tutampa mwingine."

Ikinishinda! Nilirudi nyumbani nimenuna mpaka mbwa akanikwepa.

Mke wangu, Mama Atu, yeye hana upole wa mwenyekiti. "Ama uipunguze hiyo bunduki, ama uiweke chini," alisema. "Mimi nimechoka kukukanda na maji ya moto."

Uzito wenyewe ulikuwa kwenye mtutu, na mtutu huo niliuagiza mwenyewe. Ule wa zamani ulipochakaa nilimwendea Fundi Kibona, mtu wa Ileje mwenye karakana na leseni ya silaha pale Tunduma, nikamwambia anifungie mnene, usiotetemeka. Akanifungia mnene kweli. Sasa nilikuwa nimesikia kwa mwindaji mmoja kwamba mtutu wa namna hiyo unaweza kuchongwa mifereji kwa nje, kwa urefu wake, ukapungua uzito bila kufupishwa. Nikawa nalala na swali hilo, naamka nalo: nichonge, nisichonge? Wakati huohuo shemeji yangu Siame, kaka wa Mama Atu, akapiga simu kutoka Ndalambo kwamba nguruwe wanammalizia karanga na mahindi, nije haraka. Nikasema vizuri, safari moja, shughuli mbili.

Asubuhi, Vwawa. Nilipita kituo cha polisi kuonyesha leseni na kuaga, kama ilivyo sheria. Askari wa zamu aliutazama mfuko wangu mrefu wa turubai, akanitazama na mimi. "Unakwenda vitani, mzee?"

"Nakwenda kwa shemeji."

"Aa, basi ni kulekule," akasema, akagonga mhuri huku anacheka.

Tunduma nilifika jua likiwa limeshakuwa kali. Malori yamepanga foleni ya kuvuka mpaka hata mwisho wake huuoni, madereva wamelala chini ya matela, watu wanapita katikati na matoroli ya saruji na mafuta ya kula. Mama mmoja wa Zambia, muuza vitenge, aliniona nimeegemea nguzo nahamisha mfuko kutoka bega hili kwenda lile, akaniita kwa sauti: "Mulishani, bashikulu!" Yaani habari gani, babu. Babu! Na nilikuwa nimenyoa ndevu asubuhi ileile. Nilimwitikia kwa heshima lakini moyoni nikasema leo mtutu lazima uchongwe.

Karakana ya Fundi Kibona iko nyuma ya maduka ya vipuri. Alinipokea kwa kunikumbatia, akanikalisha kwenye kreti la soda, akahakikisha bunduki haina risasi, kisha akaibana taratibu kwenye jiliwa, ameizungushia kitambaa isikwaruzike. Nikamwaga shida yangu yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua chaki akachora mistari mirefu pande zote za mtutu, kuanzia karibu na chemba ya risasi mpaka karibu na mdomo.

"Mifereji itapita hapa," akasema. "Utakuwa mwepesi, utaona tofauti siku hiyohiyo. Na utapoa haraka ukipiga mfululizo."

"Basi kata!"

"Subiri, Mzee Simbeye. Huu unene ndio unaoutuliza. Nikiutoa, labda utapiga vilevile, labda utaanza kuyumba. Chuma nikishakikata sikirudishi. Sina mtutu mwingine kama huu, na macho yangu ya kutengeneza mwingine siku hizi siyaamini."

Hapo nikapiga hesabu. Bila kuchonga, bega lingeninyang'anya kazi. Nikichonga vibaya, shabaha ingeninyang'anya kazi hiyohiyo. Fundi akaifungua bunduki kutoka kwenye jiliwa, akanikabidhi na mistari yake. "Nenda nayo Ndalambo hivyohivyo. Ibebe, ipige. Ukirudi utaniambia nikate au nifute."

Alasiri, barabara ya Sumbawanga. Nilipata nafasi mbele kwenye Fuso iliyokuwa inapeleka mabati, bunduki nimeipakata. Lami ilikuwa bado inajengwa, kwa hiyo tulikwenda kwa michepuko tu, vumbi jekundu likiingia hata kwenye meno. Dereva alikuwa mwimbaji. Aliimba kwaya nzima peke yake, sauti zote nne, na kila tukiingia kwenye shimo alishika sauti ya nne. Nilifurahi sana, nikasahau mwenyekiti kabisa.

Ndalambo, jua linakaribia kuzama. Shemeji Siame alikuwa ananisubiri kituoni na watu wake, na hata kabla sijakanyaga chini vizuri mikono ilishaupata mfuko wangu. Kule mgeni kubeba mzigo ni aibu ya ukoo mzima.

"Hapana, hapana!" nikapiga kelele nimeung'ang'ania. "Bunduki hii leseni yake ina jina langu. Haibebwi na mtu mwingine."

Shemeji alishika kiuno akafikiri. Sheria inasema asiibebe, na heshima inasema mgeni asitembee na mzigo. "Sawa," akasema. "Bunduki tusiibebe. Tutakubeba wewe."

Wakaleta mkokoteni wa maksai, wakanikalisha juu ya magunia ya pumba, bunduki mapajani, begi langu la nguo kichwani kwa mpwa wa Mama Atu. Kina mama waliokuwa wanatoka kisimani waliponiona wakapiga vigelegele kana kwamba ni bibi harusi anaingia. Niliwapungia mkono, kwa nini nisipunge? Jamani, nilifurahi mpaka nikaona haya.

Kesho yake asubuhi kila mtu alikuwa tayari kabla sijamaliza uji. Shemeji aliwakusanya majirani wote: Wanamwanga wenzake, na wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao, wakiongozwa na mzee mmoja mcheshi, Mwislamu, aitwaye Ramadhani. Alikuja na mbwa wake na debe tupu.

"Na wewe utagawiwa nyama?" nikamtania.

"Astaghafiru! Mimi simli huyo," akajibu. "Lakini yeye anayala mahindi yangu, tena bila kubisha hodi."

Mpango wao haukuwa kama wetu. Kwetu Mbozi kijiji kinampa mtu mmoja bunduki na baraka, kisha kinakwenda kulala, na mtu huyo anawafuata nguruwe vilimani mpaka akutane nao. Hapa waliniweka kando ya kichuguu, mbele yangu uwazi na nyuma ya uwazi kilima kitupu. Ramadhani akachimbia panda ya mti chini, akaigonga kwa jiwe mpaka ikatulia. "Mdomo wa bunduki uweke hapa," akasema. "Wewe usiondoke. Sisi tutapiga madebe kule mtoni tuje nao, na tukifika kwenye ule mgunga tutasimama pembeni tupige filimbi. Ndipo upige."

Wakaondoka. Baada ya muda madebe yakaanza, mbwa wakabweka, nami nikasikia mkoromo upande wa kushoto kabisa. Basi miguu yangu ya Mbozi ikanitawala. Nilinyakua bunduki nikakimbilia kushoto, napanda, nashuka, bega linalia, pumzi zinakata. Niligeuka tu, nikaona kundi zima la nguruwe, mama na watoto na dume lao, wanapita pale kwenye panda yangu bila haraka.

Mungu wangu, walinicheka! Shemeji alikaa chini kabisa. Ramadhani alifuta machozi kwa kanzu. "Mgeni, sisi tunakuletea chakula mezani, wewe unakimbilia jikoni!"

Nilicheka na mimi, ningefanyaje. Lakini shemeji alipomaliza kucheka aliangalia shamba lake, karanga zimefukuliwa kama mtu kalima kwa hasira, nikaona uso wake ukibadilika. Hiyo ndiyo ada ya watoto, ndiyo chakula cha mwaka. Nikamwambia, "Shemeji, rudieni. Safari hii hata nyoka akipanda mguuni sitoki."

Mchana wakarudia, upande wa juu wa mto. Mtutu niliulaza kwenye panda na mistari yake ya chaki. Madebe yakaja, kelele zikakaribia, na mimi nikatulia. Filimbi ikalia. Lile dume likatoka kwenye nyasi kichwa chini, kubwa, jeusi. Mtutu haukutikisika hata kidogo. Uzito wote uliokuwa unaniua vilimani sasa ulikuwa umekaa kimya juu ya mti, unanisaidia. Nikavuta. Likaanguka palepale. Nguruwe wa pili akafuata, nikavuta tena, akaanguka hatua chache mbele yake, na waliobaki wakakata kona kuelekea pori la mbali, na kwa kadiri nilivyosikia baadaye hawakurudi mpaka mavuno.

Kelele iliyopigwa siwezi kuielezea. Ramadhani, asiyekula nyama ile, ndiye aliyeruka juu kuliko wote, debe mkononi. Shemeji alinishika mkono akautikisa, na macho yake yalikuwa yamelowa. Jioni tulicheza ngoma mpaka bega lenyewe likacheza.

Kurudi, Tunduma. Walinipeleka kituoni kwa mkokoteni uleule, safari hii na gunia la karanga. Fundi Kibona alinikuta mlangoni kwake, akanyoosha mikono kupokea bunduki, akaitazama. Chaki ilikuwa imefutika mahali pamoja tu, pale mtutu ulipolalia panda.

"Nikate au nifute?"

"Nipe kitambaa," nikamwambia. Nikafuta mwenyewe, mstari kwa mstari, na furaha niliyokuwa nayo ilinishangaza. Fundi alicheka chinichini akaenda kututafutia chai.

Nyumbani, jioni. Nilichojifunza nilikitafakari njia nzima kutoka Tunduma: bunduki yangu haikuwa nzito sana, ilikuwa inabebwa na mtu mmoja. Nguruwe wanakula mahindi ya kijiji kizima, sasa kwa nini wakimbizwe na bega langu peke yake?

Mama Atu alikuwa uani anachambua maharage. Hata shikamoo ya wajukuu hakuisubiri iishe. "Umekata?"

"Sikukata."

Akaweka ungo chini. "Na bega?"

"Bega litapumzika. Kuanzia sasa nitakaa sehemu moja, wengine ndio watakaokimbia. Tafuta debe."

"Debe la nini, Baba Atu?"

Nikamweleza. Akaingia jikoni akatoka na debe la zamani la mafuta na mwiko wa ugali, akalipiga kwa nguvu zote za miaka aliyonikanda. Milango ikafunguka juu na chini. Majirani wakaja mbio, mwenye jembe, mwenye panga, mwenyekiti mwenyewe yuko mbele na kiatu kimoja mguuni, wanauliza kuna nini, nani kafa.

"Hakuna aliyekufa," nikawaambia, nikiwasogezea mabenchi na karanga za Ndalambo. "Nilitaka tu kujua kama mkiitwa mnakuja."